Balagha na Kiswahili cha Nakivale

Neno balagha huwatisha wanafunzi wetu. Wengi hudhani ni mapambo ya washairi. Tukirudi kwenye asili yake ya Kiarabu tunakuta maana ya kufika, na ndugu yake ni baleghe, yaani kufikia umri wa utu uzima. Balagha basi ni elimu ya kulifikisha neno.

Mjini Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, Kiswahili kwa miaka mingi kilifika kama amri. Kilikuwa lugha ya askari tangu enzi za King's African Rifles. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliushambulia mji huo wakitokea Tanzania. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Februari 1979 jeshi la Tanzania likauteka mji. Amri haihitaji balagha nyingi: anayeisikia hutii au hukimbia.

Jirani yake, wilayani Isingiro, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza kwa kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Hapo Kiswahili kina kazi ya kueleza. Mkongo akimwambia mkalimani aliyesomea Kiswahili sanifu, "Nilitumika kwa askari miaka miwili," kwao kutumika ni kufanya kazi. Mkalimani husikia mtu aliyetumiwa na askari. Yule wa kwanza huenda alikuwa mpishi wa mshahara. Wa pili ni mtumwa. Faili litabeba mmoja tu. Vivyo hivyo, "baba aliuawa", kisha "baba yuko Mbarara": kwa mila zetu baba mdogo naye ni baba, lakini kwenye fomu huonekana uongo.

Sarufi haisaidii hapa, kwani sentensi zote ni sahihi. Linalotakiwa ni swali la balagha: anayenisikiliza atalielewaje neno hili? Msimulizi angeongeza maneno mawili tu, "nikiwapikia chakula". Hata hivyo, mzigo mkubwa tunamtwika mkalimani, maana ndiye aliyepata nafasi ya kusoma.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima shuleni. Wakati huohuo mitihani ingali inadai, "Taja tamathali tano za semi." Tungependelea mwanafunzi apewe maelezo kama yale ya mpishi wetu, kisha aandike maswali ambayo angeuliza kabla ya kujaza fomu.