Redio ya Baba na Valvu Iliyobaki

Mwaka jana niliteremka Mtaa wa Uhuru, ambao sisi tuliokulia Kariakoo tuliujua kwanza kwa jina la Kichwele, nikiwa na valvu moja ya redio mfukoni. Nilikuwa nimeiviringisha kwenye leso kama mtu aliyebeba yai. Nilikuwa natafuta kikuza sauti cha awali, kile ambacho mafundi hukiita priampu, ili niweze kupiga santuri za marehemu mke wangu. Lakini kabla sijasimulia yaliyonipata kwa fundi, hapana budi nirudi nyuma.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Julai 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Siku zile za mwanzo redio zilikuwa za valvu. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, na ndani yake mna uzi unaopashwa moto hadi elektroni zikatoka. Mwingereza John Ambrose Fleming aliiunda ya kwanza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akatia wavu kati ya uzi na bamba, na ndipo ishara ndogo ilipoweza kutawala mkondo mkubwa. Nikiwafundisha wanachuo jambo hili nilitumia mfano wa bomba la maji: mtoto huweza kufungua na kufunga kwa vidole viwili maji ambayo nguvu yake ingemwangusha.

Baba alinunua redio yake mwaka 1958. Nyumba yetu haikuwa na umeme, hivyo redio ile ilikuwa ya betri, wala si betri za tochi. Zilikuwa mbili: moja ya volti moja na nusu ya kupasha nyuzi, na nyingine ya volti 90 ya kuzivuta elektroni. Huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kampuni ya Ever Ready ilikuwa imetoa mwaka 1949 redio ya namna hiyo yenye umbo la sufuria, bei yake paundi tano, na betri yake ilitarajiwa kudumu kiasi cha saa 300. Ukisikiliza saa mbili kila jioni, hiyo ni miezi mitano, kisha unaanza tena kujikusanyia fedha. Basi msomaji asishangae nikisema kwamba kwetu redio iliwashwa kwa taarifa ya habari na kuzimwa kabla ya muziki. Baba alikuwa akisimama pale pale, mkono juu ya kitufe.

Desemba 1961 betri ilikuwa ukingoni. Kwa wiki mbili redio haikuwashwa kabisa, hata kwa habari, nasi watoto tukadhani imeharibika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 wenye miguu yao walikwenda Uwanja wa Taifa. Bibi yetu hakuweza kutembea. Baba akaitoa redio uani, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na bibi akausikia Uhuru kutoka kwenye kisanduku kile, pamoja na majirani wote wazee ambao magoti yao yaliwabakiza nyumbani. Sauti ilikuwa ikififia kila dakika, lakini ilifika mwisho.

Transista ilivumbuliwa Marekani Desemba 1947, nayo ilipofika Kariakoo kwa wingi katika miaka ya 1960, redio za valvu zilipandishwa kabatini. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ile ya Baba. Mwaka 1976, nikiwa mkufunzi kijana wa fizikia, nilimwomba aniazime nikawaonyeshe wanachuo. Tukaifungua mezani, kila kikundi na sehemu yake, somo likafana sana. Kuirudisha kama ilivyokuwa hatukuweza. Valvu tatu zilivunjika, boksi likaliwa na mchwa bohari. Baba aliishi miaka mingi baadaye na hakuniuliza hata mara moja. Ningependa angeniuliza.

Valvu iliyobaki ndiyo niliyompelekea fundi. Ni kijana wa umri wa mjukuu wangu, ana chumba kidogo nyuma ya maduka ya simu. Alinipokea vizuri: "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, nikamweleza shida yangu. Sindano ya kisahani changu ni ya sumaku, hutoa elfu chache tu za volti moja, na amplifaya za siku hizi hazina mahali pa kuipokea. Tena santuri haikatwi kama sauti ilivyo. Besi hupunguzwa, la sivyo mfereji ungekuwa mpana mno, na sauti kali huongezwa ili kuzidi mchakacho wa sahani. Kipimo chake, kiitwacho RIAA, kilikubaliwa Marekani mwaka 1954. Kikuza sauti cha awali hukuza ishara na papo hapo hurudisha uwiano ule.

Alikuwa na vya aina mbili. Cha kwanza kilikuwa kipya kutoka China, chenye valvu mbili juu zinazong'aa rangi ya chungwa. Nikainama kuangalia. Mwanga ule haukutoka kwenye uzi, ulitoka kwenye kitaa kidogo kilichofichwa chini ya kila valvu. Nilikasirika kidogo, kama mwalimu aliyekamata mwanafunzi na majibu mkononi. Hata hivyo kasoro kubwa ilikuwa nyingine: hakikuwa na RIAA. Tulipojaribu santuri moja ya Kilwa Jazz, besi ilitoweka na mwimbaji akawa kama anayeimbia ndani ya debe.

Cha pili fundi alikiunda mwenyewe ndani ya kasha la bati, kwa transfoma iliyotoka katika redio kubwa ya zamani na valvu mbili za ECC83. Hapo ndipo nilipoitoa ya kwangu mfukoni. Aliisoma maandishi yake chini ya taa: DF96. Akatikisa kichwa. "Hii ni ya betri, Mzee. Uzi wake ni wa volti moja na nukta nne. Hapa kuna volti sita. Itakatika kabla hujakaa kwenye kiti."

Nilijua. Ningeweza kumweleza hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sijui kwa nini niliibeba.

Basi nikauliza ya maana. Kapasita? Amezibadilisha zote, maana zile za karatasi na nta huvuja kwa unyevu wa pwani yetu. Valvu za akiba? ECC83 bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na yeye anazo mbili. Kipo kifaa cha transista ambacho kingefanya kazi ile ile kwa bei ndogo, alisema bila kuficha, na kwa masikio ya umri wangu tofauti ni ndogo. Nilimpenda kwa kusema hivyo, nikanunua cha valvu.

Santuri zile ni thelathini na mbili. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa kwenye tepu za Radio Tanzania bila kutolewa santuri, na santuri zilizotoka zilichapwa Nairobi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hata hizo zikawa adimu. Mke wangu alizinunua kabla ya hapo, moja moja, na nyuma ya kila jalada aliandika tarehe kwa penseli. Mngurumo wa umeme upo kidogo katikati ya nyimbo. Fundi amesema atakuja Jumamosi kurekebisha waya wa ardhi.