Nani Anaitazama Skrini?

Rongo ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Migori na Isebania hukutana hapa na ile ya Homa Bay, na biashara zimefuata magari. Nyuma ya kaunta ya duka kubwa au ofisini mwa kituo cha mafuta, ni kawaida siku hizi kukuta skrini iliyogawanywa vijisanduku vinne, vinane au kumi na sita: mlango, keshia, stoo, maegesho. Historia ya mitambo hii husimuliwa kwa kutaja kamera. Aliyeketi mbele ya skrini husahaulika.

Mwaka 1942 kampuni ya Siemens ilifunga kamera Peenemünde, Ujerumani, ili wahandisi wafuatilie urushaji wa makombora ya V-2 wakiwa mbali na hatari. Mwaka 1966 Marie Van Brittan Brown, muuguzi Mmarekani mweusi wa Queens, New York, aliomba hataza ya ulinzi wa nyumba pamoja na mumewe Albert, fundi wa elektroniki. Polisi walikuwa wakichelewa kufika mtaani kwao. Katika mfumo wao mlango ulikuwa na matundu manne, kamera ikipanda na kushuka nyuma yake, na sura ya mgeni ikaonekana kwenye televisheni chumbani. Hataza ilitolewa Desemba 1969. Mtazamaji hapo alikuwa mama mwenye nyumba, akikagua mlango mmoja, na usalama ukiwa wake mwenyewe.

Kamera zilipoongezeka, hali hiyo ilitoweka. Mwanzoni kila kamera ilihitaji televisheni yake. Kisha kikaja kifaa cha kugawa kioo kimoja mara nne, halafu cha kuchanganya picha za kamera nyingi katika kanda moja, na hatimaye diski ambayo ikijaa hufuta picha za zamani na kuendelea kurekodi. Jozi ya macho ikabaki ile ile.

Kenya ilijua kwa machungu kwamba kamera peke yake haitoshi. Tarehe 21 Septemba 2013, kamera za jengo la maduka la Westgate, Nairobi, ziliwanasa magaidi wakizunguka dukani kuua. Watu 67 walipoteza maisha. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom mkataba wa takriban shilingi bilioni 14.9 wa mawasiliano ya polisi, pamoja na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Januari 2019, kamera za jengo la hoteli na ofisi la DusitD2, pia Nairobi, nazo ziliwarekodi washambuliaji wakiingia. Watu 21 wakauawa. Picha hizo ziliwasaidia sana wapelelezi. Kwa waliokuwa ndani, kurekodiwa hakukutosha.

Hata mtu akiwa mbele ya skrini, macho huchoka. Ripoti ya Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani ya mwaka 1999, iliyoandikiwa shule, ilieleza kuwa baada ya dakika 20 tu za kukodolea skrini, umakini wa watu wengi hushuka chini ya kiwango kinachofaa. Walinzi wengi wa Kenya hufanya zamu ya saa kumi na mbili, na hao hao hutarajiwa kufungua geti na kukagua risiti. Stima zikipotea na betri ikaisha, hurudi kwenye tochi na rungu.

Mfanyabiashara wa Rongo anayetaka kamera ya tisa afadhali aajiri kwanza mtu wa pili, wapokezane kiti, na awaonyeshe wote wawili namba ya kupiga wakiona jambo.