Kasha la Bibi na Saraka Zake za Siri

Kabla sefu ya chuma haijazoeleka katika nyumba za Unguja, Lamu na Mombasa, mali ya nyumba ililala ndani ya kasha. Wageni hupenda kuliita sanduku la Zanzibar, ingawa mengi hayakuundwa Zanzibar. Yalitoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, mengine Ghuba ya Uajemi, yakavuka bahari kwa majahazi ya msimu wa kaskazi. Mafundi wetu wakayatazama, wakajifunza, wakaunda ya kwao. Mbao ni za msaji au sishamu, uso umepambwa kwa mabamba ya shaba yaliyokatwa nakshi na misumari ya vichwa vya duara, chini pana saraka tatu, na kila ubavuni pana mkono wa kubebea.

Watu husifu shaba ile inavyong'aa. Mimi nastaajabia zaidi jinsi kasha lilivyotunza amana.

Kinga ya kwanza ilikuwa uzito. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, fedha kubwa ya pwani ilikuwa reale ya Maria Theresa, ambayo huandikwa mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miongo mingi baadaye. Reale moja ina gramu 28 hivi. Reale 1,000 ni kilo 28 za fedha, juu ya uzito wa kasha lenyewe. Mwizi gani atapita na mzigo huo usiku katika vichochoro vya Mji Mkongwe, asionekane wala asisikike?

Kufuli lilikuwepo, likaning'inia kwenye tumbuu mbele ya kasha, lakini tindo na nyundo vingelimaliza mara moja. Hila yenyewe ilikuwa ndani. Inua kifuniko utazame ubavuni: utakuta kijisanduku chembamba chenye kifuniko chake, mahali pa kuweka udi, hina, sindano na vikorokoro vingine. Mwenye haraka atapekua hapo, akikosa ataondoka. Lakini katika makasha mengi ubao wa kijisanduku hicho huteleza kwenda juu ukijua pa kuushika, na nyuma yake hutokea visaraka vidogo, kila kimoja kinatosha pete, kipini au reale chache. Sayyida Salma, binti wa Sultani Said bin Sultan, alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, hakuacha kuyataja makasha ya nyumba za Unguja, misumari yake ya shaba na saraka ya siri ya kuwekea fedha na vito.

Nyumba nayo ililinda. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hupokewa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Ili afike kwenye vyumba vya wanawake, sharti apite kiwanda, yaani ua wa nyumba, kisha misana, vyumba virefu vinavyofuatana, mpaka ndani kabisa, penye zidaka, vishubaka vya ukutani. Hapo mtu asiye wa nyumba hafiki bila kuonwa na macho mengi.

Na ufunguo alikuwa nao nani? Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Kwa sheria ya Kiislamu, mahari ni ya mke mwenyewe, na dhahabu aliyopewa kwao ni yake. Mume hana haki ya kuigusa bila ridhaa yake. Haki hiyo ilihitaji mahali pa kukaa. Bibi aliyefunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake aliilinda mali yake na mwizi wa nje, akailinda pia na mkono wa jamaa wa ndani. Naamini hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi iliyofanywa na kasha katika pwani yetu.

Lakini tusifiche. Utajiri wa Unguja ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na watumwa, na baadhi ya reale zilizolala chini ya shaba ile nzuri zilikuwa bei ya watu, hadi soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 na hata baada ya hapo, kwa magendo.

Mwaka 1892 National Bank of India ilifungua tawi Zanzibar. Pole pole fedha zikahamia benki, zikafuatwa na hati, na kasha likabakia na nguo, picha na vyeti. Mengi yameuzwa kwa wageni, majina ya waliokuwa na funguo zake yakapotea.

Kama kwenu limebaki moja, usilisugue kwa msasa wala usibandue shaba zake. Mwulize mkubwa wa nyumba lilikuwa la nani, lilikuja na harusi ya nani, ufunguo alipewa nani baadaye. Yaandike majibu kwenye karatasi, uyatie katika saraka ile ya siri.