Daftari la Nani?

Kwenye laptopu yangu hapa Mamboleo kuna programu inayofanya kazi chinichini tangu mashine inapowaka. Haina dirisha wala kitufe. Inaandika tu: nimefungua faili gani, niko kwenye tawi lipi la mradi, amri ya mwisho ilikuwa ipi na ilileta kosa gani. Stima ikipotea na betri ikaisha, nikirudi nauliza, nayo inanionyesha nilipoachia. Niliiweka mwenyewe. Inaanzishwa na systemd, inasikiliza anwani ya 127.0.0.1 pekee, yaani hakuna mashine nyingine inayoweza kuibishia hodi, na kumbukumbu zote zinakaa kwenye faili moja ya SQLite ambayo ni mimi tu nina ruhusa ya kuisoma.

Wenye fani huita programu za aina hii daemon. Jina lilianzia MIT, Marekani, mwaka wa 1963, kwa watu wa Project MAC, wakimkumbuka yule kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia Maxwell anayepanga molekuli bila kuchoka. Sisi tungesema jini. Na jini, kila mtu anajua, swali la kwanza ni anamtumikia nani.

Kisumu ilishaliuliza swali hilo kabla kompyuta haijakuwepo. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Ndani kulikuwa na jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Historia nzima ya kazi ya mtu, lakini kalamu ilikuwa ya bwana. Bwana asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hupati kazi kwingine, na ukipatikana huna kipande ni faini au jela.

Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, wakaanzisha Young Kavirondo Association, mwalimu Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Vuguvugu lenyewe liliitwa Piny Owacho, nchi imesema. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao, pamoja na kodi na kambi za kazi. Julai 1922 Gavana Northey alikuja kuwasikiliza Nyahera, si mbali na hapa. Kambi zilifungwa. Kipande kilibaki hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Silinganishi uzito, mimi siendi jela. Ila mteja mmoja wa ng'ambo anataka niweke programu yake inayopiga picha skrini yangu kila baada ya dakika chache na kuzituma kwake. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inadai kukusanya data kuwe na sababu, na kusizidi sababu hiyo. Picha za skrini zinanasa hata meseji za mama.

Nimemwandikia kwamba ripoti atapata, nitaitoa mwenyewe kutoka kwa daftari langu: mradi wake, saa zake, basi. Hajajibu, na malipo ya mwezi bado yako kwake.