Kiinua mgongo cha babu

Sanduku la bati la babu lilikaa chini ya kitanda cha dani kwa miaka mingi, na sisi wajukuu tulijua jambo moja tu kulihusu: haliguswi. Nililifungua mwaka 2019, kwa ruhusa yake, nyumbani kwetu karibu na Rongo, kaunti ya Migori. Ndani mlikuwa na blanketi lililoliwa na nondo, kopo la tumbaku lenye kutu, na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo ikawa matundu. Namba ya jeshi bado ilisomeka. Hiyo namba ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta.

Habari zilitufikia kupitia kanisani. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 za kuwasaidia askari wa zamani waliotumikia Ufalme katika nchi za Jumuiya ya Madola, pamoja na wajane wao, ili kila mmoja apate angalau milo miwili kwa siku. Pesa zilipitia Royal Commonwealth Ex-Services League, shirika lililoanzishwa Cape Town mwaka 1921. Babu alikuwa amekufa zamani. Dani alikuwa hai, ana karibu miaka tisini. Na kwa kuwa nyumbani mimi ndiye mwenye kalamu, kazi ikaniangukia.

Chini kabisa ya sanduku nilikuta kitu ambacho hata dani alikuwa amekisahau: barua mbili za miaka ya hamsini. Ya kwanza ilikuwa nakala ya ombi, iliyopigwa taipu na mwandishi wa kukodiwa sokoni. Babu alikuwa akiomba pensheni ya ulemavu kwa sababu nyonga yake, iliyopigwa na kipande cha kombora, ilimzuia kufanya kazi. Ya pili ilikuwa jibu, mistari mitatu tu. Ombi limekataliwa kwa kuwa mwombaji anajulikana kulima shamba lake.

Nilimsomea dani jibu hilo kwa Kijaluo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nyakwara, nani alilima?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Babu alikuwa mtu wa Keya, kama wazee wetu walivyoiita King's African Rifles. Alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, matope hadi magotini, malaria ikiangusha watu pamoja na risasi, hadi ikauteka mji wa Kalewa mwezi Desemba. Aliporudi alikuwa na vitu vitatu: Kiswahili cha jeshini, ambacho kilimfanya mkalimani wa kijiji kizima, kiinua mgongo, na mguu usiokunjika sawasawa.

Kuhusu kiinua mgongo hicho, ukweli wake ulisikika sana mwaka 2019 huohuo, nyaraka za enzi ya ukoloni zilipotolewa hadharani. Zilionyesha kwamba askari mweupe alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Hesabu haikufuata vita alivyopigana mtu. Ilifuata rangi yake. Na kwa askari wengi weusi, malipo hayo ya mara moja ndiyo yaliyokuwa mwisho wa habari. Mlango uliobaki ulikuwa wa ulemavu, na hapo mtu alitakiwa athibitishe.

Sasa, athibitishe nini? Utaratibu wa Waingereza ulipima ulemavu kwa asilimia, mwili wa majeruhi ukilinganishwa na wa mtu mzima wa afya wa umri wake. Huko kwao mwaka 1943 waliongeza pia posho ya yule ambaye majeraha yamemfanya asiajirike. Neno lenyewe ni ajira: kuna mwajiri, kuna mshahara, kuna siku ambayo mshahara ulikoma. Mtu wa kiwandani anaweza kuionyesha siku hiyo kwenye karatasi. Mkulima wa Kavirondo Kusini angeionyesha wapi? Shamba halimwachishi mtu kazi. Unalima vibaya, unavuna kidogo, mwaka unaofuata unalima tena, kwa sababu ukikaa chini watoto hawali. Kisha anapita mtu wa ofisi, anaona mahindi yamesimama, anaandika kwamba mwombaji analima.

Dani alinieleza mahindi hayo yalivyosimama. Kwa desturi ya siku zile, kulima kwa plau na ng'ombe ilikuwa kazi ya wanaume. Babu alijaribu misimu miwili. Kutembea kwenye mtaro nyuma ya plau, mguu mmoja ukiburuzwa, kulimlaza wiki nzima. Msimu wa tatu dani alishika plau mwenyewe, mtoto mgongoni, shemeji mdogo akiwaongoza ng'ombe. Majirani walicheka, halafu wakazoea. Alipalilia, akavuna, akabeba karanga na mtama kichwani hadi sokoni. Babu alikaa kwenye kivuli akisuka kamba na kuwasomea watu barua zao. Heshima ya shamba ilibaki kuwa ya mwenye boma, kwa hiyo kila mtu alisema "shamba la fulani limestawi". Ofisi nayo ikasikia hivyo hivyo.

Kwa maneno mengine, pensheni ya babu ililipwa. Aliyeilipa ni dani.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa eneo letu kudai deni kama hili. Katika vita ya kwanza, vijana wa Nyanza walikusanywa kupitia machifu wakawe wapagazi wa Kariakoo. Wapagazi waliorekodiwa kufa wanazidi 40,000, na baadhi ya wanahistoria wanakadiria karibu 100,000, wengi kwa kuhara, nimonia na malaria. Mishahara ya wengi wao haikuchukuliwa na yeyote, maana wenyewe walikuwa wamekufa na ndugu zao hawakujua pa kuuliza. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi hao, alipigania kwa miaka mingi fedha hizo zirudi kwa watu. London ikakataa.

Nililitafuta faili la babu. Nilipanda matatu Rongo, nikapita Rodi Kopany hadi Homa Bay, nikiamini kwamba wilaya ya zamani ingekuwa na karatasi zake. Kumbe babu alipoomba, makao makuu yalikuwa Kisii. Homa Bay ilikuja kuwa makao ya Nyanza Kusini mwaka 1961, na Migori ikamegwa miongo mitatu baadaye. Nilikwenda hadi Nairobi, kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Faili lake sikulipata. Zile barua mbili za sandukuni ndizo pekee.

Katika kusoma kwangu nilikutana na kanuni ya Marekani iliyonishangaza. Huko askari wa zamani asiyeweza kushika kazi ya kumtosha riziki hulipwa kama mlemavu wa asilimia mia, hata kama majeraha yake yamepimwa chini ya hapo. Na kazi ya kuganga njaa, yenye kipato kilicho chini ya mstari wa umaskini, haimwondolei haki hiyo. Inawezekana hata kazi inayofanyika kwa kubebwa na familia isihesabiwe kuwa ni kazi. Babu angekuwa na hoja.

Dani aliandikishwa kama mjane, na kitu kidogo kikawa kinakuja hadi alipotutoka. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya namba ya babu, cheo chake, na tarehe ya ndoa. Nafasi ya plau haikuwepo.

Mwaka jana jirani yangu, kijana aliyejeruhiwa Somalia, aliniomba nimsaidie kupanga karatasi zake. Ripoti za daktari anazo, zimepangwa vizuri. Nilimwambia tuongeze ukurasa mmoja: asubuhi nani humvisha viatu, nani huchota maji, nani ameacha kibarua chake ili amwangalie, na tangu lini. Akasema hayo ni mambo ya mke wake.

Nikamwambia amwite, aje aketi hapa mezani, tuanze na yeye.