Moshi wa Kuni katika Hewa ya Morogoro: Utafiti wa Stelyus Mkoma

Utafiti wa hewa ya Morogoro ni mfululizo wa vipimo vya chembechembe za angani ulioanza mwaka 2005. Umeongozwa na mwanasayansi wa angahewa Stelyus L. Mkoma wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), akishirikiana na watafiti wa Ubelgiji na Japani. Ni kati ya kazi chache za Tanzania zilizoipima hewa ya mashambani kwa kina cha kikemia, na zilizoonyesha kwa ushahidi wa maabara kwamba ubora wa hewa hiyo unaamuliwa kwa kiasi kikubwa na moto wa kila siku: kuni za jikoni, mkaa, nyasi na mabaki ya mazao.

Mtu wa Mabwerebwere, kata ya Wilaya ya Kilosa katika Mkoa wa Morogoro, anaujua moto huo tangu utotoni. Asubuhi na jioni moshi wa mafiga matatu hupenya kwenye makuti na nyasi za mapaa. Masika yakiisha, wakulima husafisha mashamba kwa kiberiti. Matanuri ya mkaa hufuka msituni siku kadhaa mfululizo, na tofali za kuchoma nazo zina tanuri lake. Kusini, kuelekea Mikumi, nyasi za mbugani huungua kila kiangazi, nyingine zikiwashwa mapema na wahifadhi wenyewe ili moto mkali wa mwisho wa msimu usipate cha kula. Katika bonde la Ruhembe miwa huchomwa majani kabla ya kukatwa. Kilosa haina msururu wa viwanda wala foleni za magari, ndiyo maana wengi huiona hewa yake kuwa safi.

Vipimo vya kwanza vilifanyika Dar es Salaam na Morogoro, vikawa msingi wa shahada ya uzamivu ambayo Mkoma aliipata mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Huko alifanya kazi na Willy Maenhaut, mkemia aliyebobea katika chembechembe za hewa. Swali lao lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Kupima uzito wa vumbi lililo hewani ni hatua ya mwanzo tu. Kazi kubwa ni kuligawa vumbi hilo kwa asili yake hadi kila sehemu ijulikane ilikotoka, iwe udongo, chumvi ya bahari, moshi au mafuta ya injini.

Kazi iliyojulikana zaidi ilifuata mwaka 2011. Mkoma alikusanya sampuli kwenye eneo la mashambani Morogoro, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, kisha zikachambuliwa pamoja na Kimitaka Kawamura na Pingqing Fu wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Pampu ilivuta hewa kupitia vichujio, na kilichonaswa kikapimwa kwa makundi mawili: chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 10, ziitwazo PM10, na zile laini zisizozidi maikromita 2.5, ziitwazo PM2.5. Chembe laini ni ndogo mara ishirini na zaidi kuliko unene wa unywele.

Msimu wa mvua wastani wa PM2.5 ulikuwa maikrogramu 28 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kiangazi ukapanda hadi 39. PM10 ilitoka 47 ikafika 61. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyokuwa ikitumika wakati huo, PM2.5 haikupaswa kuzidi 25 kwa saa 24. Miongozo mipya ya mwaka 2021 imeshusha kikomo hicho hadi 15. Kwa hiyo, hata mvua ilipokuwa imeiosha anga, hewa ya mashambani Morogoro ilikuwa imevuka mpaka. Jambo la pili halipaswi kupita bila kuangaliwa: zaidi ya nusu ya uzito wa vumbi lote lililonaswa ulikuwa wa chembe laini, ambazo ndizo hatari zaidi kwa mwili.

Ushahidi kwamba chanzo ni moto ulipatikana kwenye sukari. Mti au jani linapoungua, selulosi yake huvunjika na kutoa sukari iitwayo levoglukosani, ambayo mafuta ya petroli na dizeli hayaitoi. Kila ilipoongezeka kwenye vichujio vya Morogoro, kaboni ya asili ya viumbe nayo iliongezeka, pamoja na potasiamu, madini ambayo moshi wa mimea huyabeba kwa wingi. Watafiti wakahitimisha kwamba uchomaji wa mimea na kuni, pamoja na mabadiliko ambayo jua huufanyia moshi ukiwa angani, ndiyo mambo makuu yanayoamua ubora wa hewa huko. Chembe kubwa zilikuwa na hadithi nyingine: ndani yake sodiamu na nitrati zilitawala ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), alama za chumvi ya Bahari ya Hindi iliyosafiri na upepo karibu kilomita 200, ikikutana njiani na gesi zitokanazo na uchomaji.

Pua na koo huzuia sehemu kubwa ya vumbi nene. Chembe laini hupita, zikafika kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi, pumu na nimonia za watoto, bali yanafika hadi kwenye kiharusi na magonjwa ya moyo. Mwaka 2013 taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliuweka uchafuzi wa hewa ya nje katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani. WHO inakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani pekee ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Takwimu za dunia zinaweza kuonekana za mbali. Za Bagamoyo haziko mbali. Utafiti wa James Kilabuko na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliwalinganisha watu wa kaya zinazopikia kuni na mkaa. Kati ya wapishi na watoto wadogo, wale wanaokaa karibu na moto, asilimia 54.67 walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na uwiano wa uwezekano wao wa kuugua, wakilinganishwa na wanaume na wanawake wasiopika mara kwa mara, ulikuwa 5.5. Nyumba ni zilezile, hewa ya nje ni ileile. Kilichowatenganisha ni nani aliyekaa jikoni na nani aliyeketi barazani. Mama anapopika akiwa na mtoto mgongoni, moshi huvutwa na watu wawili.

Mkaa unaleta dhuluma ya namna yake. Jikoni hutoa moshi mdogo kuliko kuni, ingawa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi inayoweza kuua chumbani kusiko na dirisha. Lakini moshi haukupotea. Kwa tanuri la asili la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo kadhaa za kuni, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupaa angani palepale msituni. Gunia linasafirishwa Dar es Salaam, moshi unabaki Kilosa. Mradi wa kuleta mageuzi katika sekta ya mkaa, ulioanza mwaka 2012 katika vijiji vya wilaya hiyo kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kigunga, ulipanga uvunaji kwa mzunguko wa miaka 24, ukafundisha matanuri bora na kuviachia vijiji mapato. Ulikuwa mradi mzuri wa misitu. Afya ya mchoma mkaa mwenyewe inastahili mradi wa ukubwa huohuo.

Mwaka 2019/20 asilimia 63.5 ya kaya za Tanzania Bara zilipikia kuni na asilimia 26.2 mkaa. Serikali, inayokadiria vifo takriban 33,000 kwa mwaka kutokana na nishati isiyo safi ya kupikia, ilizindua Mei 2024 mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa gesi umeanza kuonekana hata vijijini, ila bei ya kuujaza tena ndiyo inayowarudisha wengi kwenye kuni.

Mbali na kubadili nishati, hewa yenyewe inahitaji kupimwa. Kampala ina vifaa vya bei nafuu vya mtandao wa AirQo, ulioanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015, vinavyotoa taarifa za hewa mtaa kwa mtaa. Vifaa vya aina hiyo havihitaji jiji. Halmashauri ya Kilosa, ikishirikiana na SUA iliyo jirani, ivifunge kwenye zahanati na shule za kata zake, Mabwerebwere ikiwemo, na vipimo vyake visomwe pamoja na daftari la wagonjwa wa kifua.