Fyuzi Hailindi Mtu: Umeme wa Mjengo Kutoka Kindaruma Hadi Meru

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini leo naiacha kompyuta kidogo, twende mjengoni.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukijenga nyumba nje kidogo ya mji wa Meru. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kibarua mmoja aligusa mashine ya kuchanganya zege, akarushwa matopeni. Alipona, namshukuru Mungu. Nikamuuliza fundi, "Mzee, mbona fyuzi haikukatika?" Akanijibu, "Kijana wangu, fyuzi ni nzima. Ni bahati mbaya tu." Jibu hilo halikuniingia, nikaanza kusoma.

Umeme si mgeni pande hizi. Kule chini Embu, kwenye mto Tana, kituo cha Kindaruma kilianza kazi 1968. Kikafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Lakini kwa miaka mingi nyaya zilipita tu juu ya vijiji kwenda mbali. Mradi wa kuwaunganishia umeme watu wa mashambani, ulioanza 2015, ndio uliozifikia nyumba nyingi. Siku hizi mtu anajenga kwa kuvuta waya kutoka kwa jirani.

Sheria nayo ipo. Kanuni za usalama wa ujenzi zilitolewa 1984, na sheria ya usalama kazini ya 2007 ikagusa kila mahali pa kazi. Hata kwako, ukiajiri vibarua.

Sasa tupige hesabu. Umeme wetu ni volti 240. Mwili uliolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya: unapata ampea 0.24. Hiyo inatosha kuusimamisha moyo. Fyuzi ya plagi ni ampea 13! Haitaona kitu. Fyuzi iliwekwa ilinde waya usiungue, haikuwekwa kwa ajili ya mtu.

Aliyelishughulikia jambo hili ni Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California. Alipima ni umeme kiasi gani mtu anaweza kustahimili, na mwaka 1961 akabuni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua njiani, maana yake unavuja, pengine kupitia mtu, nacho kinakata mara moja. Zinazotumika kwetu kwa kawaida hukata kwenye ampea 0.03, ndani ya sekunde 0.3. Waingereza wao huongeza transfoma ya volti 110 mjengoni, ili anayegusa waya mmoja akiwa amekanyaga chini apate volti 55 tu.

Tulinunua swichi hiyo, tukaiweka pale waya unapoanzia. Ina kitufe kilichoandikwa T. Kila asubuhi, kabla ya kazi, fundi alikibonyeza. Isipokata, hakuna kuwasha mashine.

Kama una mjengo wiki hii, kaangalie kwanza.